Kundi la Wazima

"Mimi mzima! Mzima!" Mzee Mwinyimvua alifoka. "Umesikia, Talib? Nimeandikwa kundi la wazima, tena mbele za watu!"

"Waliandika ulichowaambia wewe, baba!"

"Punguza sauti. Mgeni yuko barazani."

"Na asikie! Si ndicho kilichomleta?"

Mgeni mwenyewe Daktari Hafidha. Alishafika hapa Kibiti na wenzake kutoka Dar, wakawatoa watu damu. Kazi yao waliieleza waziwazi: wanataka waijue saratani ya utumbo mpana kwa kupima damu tu, kabla haijamtafuna mtu. Kwa hiyo wanachukua damu ya wagonjwa, wanachukua na ya wazima, halafu wanazilinganisha. Kuna protini gani imejaa kwa wagonjwa, na kwa wazima haimo? Mzee alikuwa wa kwanza kukunja mkono wa kanzu. Akaulizwa, ukienda chooni unaona damu? Akacheka. "Damu ya nini, mimi kuku wa Idi?" Watu wakavunjika mbavu.

Sasa leo daktari karudi. Protini wameziona, kwa wagonjwa zimejaa, kwa wazima hamna, isipokuwa mzima mmoja, naye ni Mzee. Akasema polepole, bila kumtisha mtu: huenda protini zenyewe si zile wanazotafuta, huenda huyu mmoja anaumwa. Kipimo bado hakijathibitishwa, hawezi kuapa. Ila kama kuna kitu Mzee hakukisema, akiseme, apande gari waende Dar akaangaliwe utumbo kwa mpira wenye kamera. Uvimbe ukiwahiwa unakatwa, mtu anaishi.

Mzee aliposikia huo mpira unapitishwa wapi, akanyanyuka, akaingia chumbani bila kuaga. Talib nyuma yake.

"Mama alipokuwa shamba kule Chumbi, anaamia ndege wasile mpunga, shuka zako nani alizifua?"

Mzee akamgeuzia mgongo.

"Mimi! Zina damu, baba. Na si mara moja."

"Bawasiri hiyo. Hata babu yako alikuwa nayo."

"Na babu alikufa na nini?"

"Tumbo," Mzee alijibu, halafu akatamani neno lirudi mdomoni.

"Basi namwambia daktari mwenyewe."

"Thubutu!" Mzee akamdaka fulana, ile ya mtumba, mshono ukaachia begani. Walitazamana karibu kabisa. "Tangu Maulidi ya mfungo sita inanitoka. Na tangu mfungo sita nasalisha msikiti ule. Damu ikitoka, udhu umekwenda. Nikilisema hili leo, wale waliosimama nyuma yangu niwaambie sala zao nimezipeleka wapi?"

Talib alijiandaa kubishania aibu, kubishania mpira, kubishania daktari mwanamke. Hili hakulifikiria hata kidogo.

"Nimekuona unavyotawadha mara mbilimbili kabla hujatoka," akasema, sauti imeshuka. "Mimi nimekuona, Mwenyezi Mungu asikuone? Lakini baba, mimi sijawahi kusalisha watu. Sitaki nianzie kwenye jeneza lako."

Adhana ya alasiri ikaanza. Mzee akaiachia fulana. Akaitazama kofia yake pale msumarini, mkono ukaenda, ukarudi. Akakaa kitandani kwa upande, taratibu, vile anavyokaa siku hizi. Huko nje daktari akakohoa.

Adhana ikaisha. Hakunyanyuka.

"Nenda kamwambie maalim Seleman asalishe yeye."

"Nimwambie una nini?"

"Mwambie naumwa."

Talib akafika mlangoni.

"We Talib!"

"Naam, baba."

"Na huyo daktari wako, muulize. Huko Dar, hicho kipimo hakuna mwanamume wa kukifanya?"

Talib akatoka, akaurudisha mlango.