Mlolongo wa Linux

Mwaka 1999 kanisa letu la Kalamba lilipewa kompyuta na wahisani ambao hawakukumbuka kuiwekea kitu ndani. Ukiiwasha, ilikutazama kama mbuzi anayetazama lori.

Ilibidi kuchagua mfumo wa kuiendesha. Ndeti mwenye duka alikuwa na diski ya Windows. Musembi, kijana wa chuo kikuu, alileta Linux, ya bure kabisa.

Mutindi, msichana wa darasa la taipu pale kanisani, alitaka Windows. Ijumaa alikuwa na mtihani wa kazi ya ukarani mjini Wote, na barua ya mwaliko ilisema wazi kwamba watapimwa kwa Windows. Watu thelathini, nafasi moja, na yeye alikuwa amezoea taipureta tu.

Jumapili baada ya ibada, pasta aliamua tupige kura kwa mlolongo. Ndeti akasimama upande huu wa uwanja, Musembi upande ule, na kila mtu ajipange nyuma ya anayemtaka.

Mutindi alikimbilia kwa Ndeti. Kugeuka, nyuma yake walikuwa wanaume wawili, wote shemeji za Ndeti. Mlolongo wa Linux ulikuwa umefika chooni, na wa tatu kutoka mbele alikuwa mama yake mwenyewe, Kalunde.

"Mwaitu! Mama, kwani unajua Linux ni nini?"

"Najua Musembi hana mke."

"Nina mtihani Ijumaa!"

"Mitihani iko kila mwaka. Huyu je?"

Mama Nzilani akadakia kutoka nyuma, "Na mbuzi wa Ndeti walimaliza kunde zangu. Sisimami nyuma yake hata akigawa mbingu."

Linux ilishinda, watu arobaini na mmoja kwa watatu. Pasta akaiwekea mashine mkono, akaiombea.

Jumatatu asubuhi Mutindi aliazima diski ya Ndeti, akamkuta Musembi peke yake mbele ya kompyuta.

"Hiyo diski ya ndani inaweza kugawanywa?"

"Inaweza, kama shamba tu."

"Basi gawa. Weka zote mbili."

"Kanisa limechagua moja, Mutindi."

"Kanisa limekuchagua wewe. Hukuona mama yangu akikupima mabega?"

Musembi akajikuna shingo. "Aliniuliza kama napenda kula muthokoi wake."

"Ukamjibu?"

"Nilisema napenda."

"Umejimaliza. Gawa, ndugu yangu."

Akagawa. Siku tatu Mutindi alipiga barua kwa Windows mpaka vidole vikauma. Alhamisi pasta akaingia, akaona mashine inauliza iamshe ipi.

"Hii ni nini?"

"Nyumba moja, wake wawili, Pasta. Kila mmoja na zamu yake," Mutindi akajibu.

Pasta, aliyekuwa amehubiri dhidi ya jambo hilo mwezi mzima, alisogelea kioo. "Na hawagombani?"

"Kanisa ndilo linagombana."

Akaenda zake. Jumapili hiyo alihubiri juu ya uvivu.

Barua ya kazi ilifika baada ya wiki mbili. Kalunde aliisoma yote, akairudia, halafu akauliza, "Na Musembi anasemaje?"

"Anasema Ndeti anataka diski yake," Mutindi akajibu, akaendelea kupiga pasi sketi ya Jumatatu.