Sugu za Mtukufu Zumbari

Kileleni mwa nchi ya Mbarizo palikuwa na baraza refu lililojaa picha za watawala, na Wambarizo, ambao hawakuwa na mazoea ya kuandika historia, waliisoma ukutani: huyu aliyechorwa na funguo kiunoni alitawala kwa kufunga maghala, yule aliyekalia kiti kipana kuliko mlango aliogopa kusimama mbele ya watu, na wa tatu, mwenye kanzu nyeupe na macho yanayotazama pembeni, hakuna aliyehitaji kuelezwa habari zake. Kilichochorwa kilikuwa kiapo. Mtawala alidaiwa kila kilichokuwamo ndani ya picha yake.

Makolela, mchoraji wa baraza, alikuwa amefanya kazi miaka thelathini bila kutia rangi jambo ambalo hakuliona kwa macho yake, na hilo alijivunia kuliko nyumba aliyopewa.

Mtukufu Zumbari alikuja kuchorwa akiwa na pete nane vidoleni. Alitaka kifua cha simba, paji la msomi, na viganjani, sugu za mkulima.

"Sugu sizioni, Mtukufu."

"Wewe chora. Wananchi wanapenda mtu wa jembe."

"Hata mimi nampenda. Yuko wapi?"

"Mzee, usinichekeshe. Ukishindwa, nyumba ile ina mlango wa kutokea."

Makolela hakubisha tena. Aliteremka mashambani, akakaa siku tatu ukingoni mwa shamba la mjane mmoja, Bi Nambeza, akivitazama viganja vyake kila alipopumzika. Kisha akarudi na kuchora alichokiona, kila sugu mahali pake.

Siku ya kufunua picha, Bi Nambeza alisogea hadi ukutani, akainua kiganja chake kando ya kile kilichochorwa. Vililingana hadi kovu la kidole gumba.

"Kumbe u mwenzetu, baba," alimwambia Zumbari, akimnyooshea jembe. "Mvua imeshanyesha, na shamba la juu halina mtu."

Zumbari alicheka, akajikuta anacheka peke yake. Aliwatazama walinzi, walinzi walikuwa wakiitazama picha.

"Zifute," alimnong'oneza Makolela.

"Rangi imekauka, Mtukufu. Mikono ndiyo bado mibichi."

Zumbari akalipokea jembe kwa ncha za vidole, pete zikigonga mpini. Hakuna aliyepiga makofi. Watu walikuwa wamekwisha kugeukia upande wa shamba la juu, na walinzi, bila kuamriwa na yeyote, wakaacha njia katikati yao, pana ya kutosha mtu mmoja.