Huyu Si Mama wa Jana

Mama mkwe wangu ni fundi cherehani. Ana miaka sabini na ushei, na ulimi wake mkali kuliko sindano yake. Mimi ni msusi. Nikirudi kutoka kazini nywele za wateja zimeganda kwenye gauni, huniuliza, "Mwanangu, leo umetuletea vichwa vya watu wangapi?" Tunacheka mpaka mume wangu anataka kujua tunamsengenya nani.

Asubuhi moja nilimkuta ameketi mbele ya cherehani, mguu uko juu ya pedeli lakini haukanyagi. Alikuwa ameshika mkono wa blauzi, na alikuwa ameushonea shingoni.

"Umeamkaje, mama?"

"Sare zimekwisha," akajibu. "Waambie watoto waje kuzichukua kabla kengele haijalia."

Sare gani? Aliacha kushona sare za shule mume wangu akiwa hajaota ndevu. Nikasubiri acheke. Hakucheka. Akanyoosha kidole ukutani. "Na hawa siafu, nani kawafungulia mlango?"

Ukuta ulikuwa mweupe pe.

Nilimwita mume wangu, ambaye kazi yake ni kuchomelea vyuma. Alikuja na kiatu kimoja mguuni, akamtazama mama yake, akashusha pumzi.

"Ndio uzee huo, mke wangu. Sote tutafika huko."

"Uzee? Jana jioni kanifunga drafti, kisha akanicheka. Uzee gani huo unaoingia usiku mmoja kama mwizi?"

"Haya, Bi Maswali kaanza."

Ndilo jina langu pale nyumbani, na sikatai. Jambo nisilolielewa huniwasha kama upupu. Nikavuta kigoda, nikakaa karibu naye. Nikamgusa paji la uso: hana homa. Niliwahi kusikia kwamba kiharusi hupinda uso na kulegeza mkono, nikamwambia atabasamu, kisha ainue mikono yote miwili. Akaiinua sawasawa, akaniuliza kama nampima gauni. Uso haukupinda.

Sasa ni nini? Nikazidi kumchunguza. Midomo ilikuwa imekauka mpaka imepasuka. Glasi ya maji niliyomwekea jana ilikuwa bado imejaa. Halafu, katikati ya sentensi, kichwa kikainama akasinzia, yeye ambaye mchana halali hata umlipe.

"Twende hospitali," nikasema.

"Hana homa, wala halalamiki maumivu. Tutamwambia daktari nini?"

"Tutamwambia huyu si mama wa jana."

Mume wangu akatazama mguu wake mtupu. Akaenda kuvaa kiatu cha pili.

Daktari alikuwa dada mmoja mpole, na kwa maswali alinishinda mimi. Hali hii imeanza lini? Ghafla au polepole? Anatumia dawa gani? Ameanguka? Anakula? Anakunywa? Alimpima presha, akamtoboa kidole kupima sukari, akammulika macho kwa tochi, na mwisho akaomba mkojo.

Majibu yalipotoka, mume wangu alikunja uso. "Maambukizi kwenye njia ya mkojo? Daktari, mbona tatizo liko kichwani?"

"Kwa mtu wa umri wake, maambukizi hayaji na homa kila mara," akasema daktari. "Pengine akili ndiyo inayovurugika kwanza. Na mwili wake umekaukiwa maji, jambo linalozidisha mambo. Mtu mzima akibadilika ghafla namna hii, msiseme ni uzee. Mleteni siku hiyohiyo. Mngechelewa, yangeweza kusambaa kwenye damu."

Alilazwa, akatundikiwa dripu na kuanza dawa. Siku ile bado alikuwa akifukuza siafu. Kesho yake alilala sana. Halafu asubuhi moja muuguzi alipoinama kumpima, mama akaikazia macho kola yake.

"Aliyekushonea hii alikuwa na haraka ya kwenda wapi?"

Mume wangu aligeukia dirishani, akajifuta macho kwa kiganja.

Mimi nilibakiwa na swali moja. Kwa nini aliacha kunywa maji? Tuliporudi nyumbani nikamkalisha nimsuke, maana mtu akiwa mikononi mwa msusi hufunguka.

"Mama, maji yalikukosea nini?"

Akachezea kitana mpaka nikamaliza mistari miwili.

"Bafuni," akasema mwishowe. "Vile vigae vyenu vipya vinateleza kama mlenda. Nimeponea chupuchupu kuanguka. Nikaona nikinywa kidogo, nitakwenda mara chache."

"Kwa nini usituambie?"

"Mwanangu kaviweka kwa mikono yake, anavisifia kwa kila mgeni. Nianze mimi kuvikosoa?"

Nilimweleza mume wangu. Alitoka, akarudi jioni na bomba la chuma alilolichomelea mwenyewe, akalifunga ukutani liwe la kushikia, kisha akatandika zulia la mpira juu ya vigae vyake. Mama akaingia kujaribu. Sisi tukabaki mlangoni, masikio yamesimama kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani.

"Ondokeni hapo!" ikatoka sauti ya ndani. "Au mnataka niwasimulie?"