Bosi Hatazami

Bosi alinigeuzia mgongo. Ilikuwa mara ya tano asubuhi ile, nami nimechuchumaa kwenye sakafu ya karakana, barakoa ya kuchomelea nimeipandisha kipajini kama kawaida yangu, kipande cha ini kikinipaka mafuta vidoleni.

"Bosi! Nitazame!"

Akatazama ukuta.

Baba ndiye aliyempa jina hilo, na lilimfaa, maana hakuna aliyeweza kumtuma ila Baba mwenyewe. Baba akisema neno moja, tena kwa sauti ya chini, mbwa anainuka. Alipofariki nilirudi nyumbani kurithi mashine, milango ya chuma iliyoachwa nusu, na Bosi. Milango niliimaliza. Mbwa akanishinda.

Na ilikuwa lazima anisikie. Karakana yetu inafungukia barabarani, na wiki ile alikuwa amejiendea zake katikati ya magari huku nikimwita nyuma yake, barakoa kichwani, hadi koo likaniwasha. Lori lilisimama shibiri moja kutoka mbavuni mwake. Nililia kwa hasira, nikampigia simu mfuga kuku mmoja, mteja wa Baba, aje amchukue Jumamosi. Kwake kuna uzio.

Nilikuwa nimejaribu kila kitu: maini, mluzi, makofi, kubembeleza, matusi. Akajitia hamnazo. Nikikumbuka niliyomwambia mnyama yule naona aibu hadi leo. Wakati ule niliamini ananidharau, kwamba ameshanipima akaona sifiki hata nusu ya Baba. Hilo ndilo lililoniuma, kwa sababu hata mimi nilidhani hivyo.

Jumamosi mfuga kuku akafika na kamba. Mama alikuwa ameniletea chai, akasimama mlangoni na kikombe akinitazama nikimfokea Bosi kwa mara ya mwisho.

"Baba yako alimfundisha asitazame," akasema.

"Asitazame nini?"

"Hiyo iliyo kichwani mwako. Bosi alipokuwa mdogo, ule mwanga wa kuchomelea ulimuumiza macho, siku mbili haoni kitu. Tangu hapo baba yako akiivaa, yeye anageukia pembeni. Mpaka aivue, aitundike, ndipo wanaongea."

Miezi mitatu tangu nirudi! Niliivaa barakoa ile toka nafungua mlango hadi nafunga. Kuivua-vua niliona ni kupoteza muda. Kila nilipomwita nilikuwa namwamuru ageuke, kisha namtukana kwa kutii.

"Mbona hukuniambia, Mama?"

"Ningekuambia saa ngapi, mwanangu? Kutwa unafoka."

Nikaivua barakoa. Msumari wa Baba ulikuwa palepale kando ya swichi, nami sikuwahi kuutumia hata siku moja. Nikaitundika, nikalitaja jina la Bosi polepole.

Masikio yalitangulia. Kisha kichwa kikageuka, akanitazama usoni, na hakuondoa macho.

Mfuga kuku alikohoa, akaanza kuikunja kamba yake bila kuambiwa. Mama akaweka kikombe kwenye meza ya kazi, akawa anageuka kuondoka.

"Mama," nikasema, "na mengine aliyofundisha Baba. Niambie."

Akavuta kigoda, akaketi.