Mkanda wa Upande wa Mama

Gari la marehemu mzee lilikuwa na mbwembwe moja iliyowakusanya watoto wa mtaa mzima: mikanda yake ilijifunga yenyewe. Ukikaa, ukafunga mlango na kuwasha swichi, mkanda ulitambaa kwenye reli juu ya dirisha ukaja kutulia begani kwako, huku ukinguruma kidogo. Siku hizi hakuna anayetengeneza kitu cha namna hiyo, na kusema kweli hakuna anayekililia, isipokuwa binti wa mwisho wa mzee, ambaye ni mtu mzima mwenye kazi yake lakini bado anaitwa Kitindamimba. Yeye alilia pale pale alipokabidhiwa funguo.

Upande wa dereva mkanda ulikuwa bado unatambaa. Wa upande wa mama ulikufa zamani, watoto wakiwa wadogo. Ulikwama nyuma, usawa wa bega, na kila safari mzee aliinama akampitia mama kifuani, akauchomeka kwenye kifungio kwa mkono wake na kusema, "Samahani, mke wangu. Mtambo mbovu." Watoto kiti cha nyuma walimwitikia maneno hayo kwa sauti moja, na mama akawakemea huku anacheka.

Tangu mazishi mama hakuingia tena kwenye gari lile. Dada yake mkubwa alikuwa hoi kitandani, kila siku anauliza mdogo wake atakuja lini. Mama naye alikuwa na jibu moja tu: "Nani atanifunga mkanda? Tengeneza kwanza." Kitindamimba alijua fika kwamba tatizo si mkanda. Lakini aliona heri amwondolee sababu hiyo, maana mama mkubwa hakuwa mtu wa kusubiri tena.

Akamwita Fundi Nyaya, fundi umeme wa magari, mwenye maneno mengi kuliko spana.

"Mota imekufa hii," alisema fundi kabla hajafungua chochote. "Tutafute nyingine."

"Fungua kwanza, fundi. Unamzika mgonjwa hata hajapimwa?"

Fyuzi ilikuwa nzima. Swichi ya mlango, nzima. Kwenye reli walikuta vumbi na karatasi ya pipi. Wakaipa mota umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri, ikanguruma bila wasiwasi. Fundi akakuna kichwa, akaufuata waya chini ya zulia mpaka chini ya kiti cha mama, akavuta kitu na kumwonyesha Kitindamimba.

Plagi ilikuwa imechomolewa. Haikukatika wala kuungua. Ilichomolewa kwa mkono, pande zote mbili zikafungwa teipu nyeusi, na ncha ya teipu ikakunjwa kidogo ili atakayetaka kuibandua apate pa kushika.

Kitindamimba aliitambua kazi ya baba yake. Ncha hizo zilikuwa nyumba nzima: kwenye waya wa pasi, kwenye mpini wa nyundo, kwenye miwani ya mzee mwenyewe. Baba yake aliwadanganya wote mchana kweupe, miaka yote ile, na yeye hakuelewa kwa nini. Akabandua teipu, akachomeka plagi, mkanda ukarudi mbele kwenye reli, akamwita mama.

Mama alitoka na mtandio wake kichwani, akaketi kwa shingo upande. Mlango ukafungwa, swichi ikawashwa. Mkanda ukatoka mbele mbio, ukampita usoni, ukanasa mtandio na kuondoka nao mpaka nyuma. Mama akabaki kichwa wazi mbele ya fundi na jirani aliyekuwa anaanika nguo.

"Ndivyo ulivyonifanya siku ya kwanza!" alifoka. "Mbele ya mama mkwe wangu! Nikamwambia baba yako, sipandi tena gari linalovua watu nguo. Kesho yake akaniambia, mke wangu, mkanda umekufa wenyewe, nadhani umeulaani." Akasita. Alikuwa ameiona teipu mkononi mwa binti yake, na ncha yake iliyokunjwa. "Umekufa wenyewe," akarudia polepole.

Kisha akacheka. Hakuwa amecheka tangu msiba, na sasa alicheka mpaka machozi, kicheko kikaisha na machozi yakaendelea.

"Mwongo yule," alisema. "Mwongo wangu yule."

Akajifuta kwa mtandio, akajitanda upya, akashuka. "Chomoa."

"Lakini mama, si unafanya kazi?" Fundi Nyaya alishangaa.

"Ndiyo shida yake."

Kitindamimba akachomoa plagi, akaifunga teipu na kuikunja ncha. Mama aliigusa kwa kidole, akaikubali, akarudi kitini. Binti akaketi kwenye usukani, akainama akampitia kifuani, akauchomeka mkanda na kuwasha gari.

"Umesahau kitu," mama alisema, macho yakiwa barabarani.

Kitindamimba akamgeukia. "Samahani, mama. Mtambo mbovu."

"Haya," alisema mama. "Nipeleke kwa dada yangu."