Pentani Yenye Tawi

Tangu asubuhi moyo wa Tabitha ulikuwa hautulii, na sababu yenyewe ilikuwa chupa. Mwalimu Amiri aliifuata Nachingwea kwa pikipiki alfajiri, akaiazima kwenye shule moja ya huko, akarudi Ruangwa na kumkabidhi yeye, mtunza maabara. Lebo ilikuwa imechakaa. Ilibaki fomula tu: kaboni tano, haidrojeni kumi na mbili.

"Pentani hiyo, mama Scholastika. Inachemka kwenye nyuzi thelathini na sita. Leo joto halifiki huko. Weka stoo, usiwe na wasiwasi," alisema Amiri.

Tabitha alitaka kuuliza ni pentani ipi, maana wiki nzima mwalimu huyo huyo alikuwa akiwaambia kidato cha sita kwamba ziko tatu, fomula moja. Akaibeba chupa kwenda stoo bila kuuliza. Yeye ana cheti, mwenzake ana digrii, na wenye digrii wengine ukiwauliza swali wanakutazama kana kwamba umewakanyaga.

Saa saba mchana Amiri alikuwa msikitini kwa swala ya Ijumaa. Wanafunzi kumi na mmoja walikuwa maabara, kila mmoja na taa yake ya spiriti, wakipima nta ya mshumaa inayeyuka kwenye joto gani. Tabitha aliingia stoo kuchukua mirija. Chini ya paa lile la bati kipimajoto cha ukutani kilisoma thelathini na moja. Ndipo akasikia: tss, tss. Kizibo cha chupa kilikuwa kinainuka na kushuka, na ndani yake pentani ilikuwa inatokota bila moto.

Hii haikuwa pentani iliyonyooka. Ile molekuli zake hulala ubavu kwa ubavu kama mzigo wa fito, zikashikana, na kuziachanisha kunataka joto. Hii ilikuwa na tawi. Miti yenye panda haifungiki ikakaza, na hizi nazo zinagusana kidogo tu. Kwenye ishirini na nane zimeshaachana, zimekuwa mvuke. Mvuke wenyewe unashika moto upesi, ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini. Mlango wa stoo ulikuwa na uwazi wa vidole viwili, na upande wa pili, kule maabara, kwenye meza ya kwanza, alikaa Scholastika, mwanawe wa pekee.

Akipiga kelele wangekimbia na kuangusha taa. Alijua hivyo, na kujua kukamtisha zaidi. Akaitumbukiza chupa kwenye ndoo ya maji baridi ya mtungi, akatoka, akaziba uwazi wa mlango kwa koti lake. Harufu kama ya petroli ilikuwa imeshamtangulia.

"Jamani, tunasimama hapo. Kila mtu afunike taa yake kwa kofia yake ya kuzimia. Polepole. Asiinuke mtu."

Sauti ilitoka kavu, hata yeye hakuitambua. Kofia zikaanza kugonga vioo, moja moja. Akazihesabu. Kumi. Hakuna mwali uliokuwa ukionekana popote, lakini moto wa spiriti juani hauonekani, na meza ya kwanza ilikuwa dirishani, jua limeijaa.

Scholastika alikuwa ameinama, anatafuta kofia yake sakafuni.

"Yangu nimeipuliza, madamu. Imezimika."

Tabitha akapitisha kiganja juu ya utambi. Joto likampiga. Hakukuwa na muda wa kutafuta kofia. Akakibana kiganja juu ya utambi na kukandamiza, meno yameumana, mpaka alipohakikisha hakuna kinachowaka.

"Sasa tokeni nje. Kwa mstari."

Wakatoka wote. Kule uwanjani Scholastika akamshika mkono, akaona ngozi ya kiganja ilivyovimba, nyeupe katikati.

"Mama, mbona sikuona moto?"

"Ulikuwepo," alisema Tabitha, akaketi chini pale pale mchangani, akaanza kulia mbele ya darasa zima.