Cheo cha Majitaka

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na cheo hiki kilikuwa kimejitembeza wiki nzima mbele ya Marlys Dombrowski. Meya Orville Tesch alimtaka awe mkuu wa mtambo wa majitaka, unaosafisha uchafu wa mji kabla maji hayajaingia ziwani. Ilibaki sahihi yake tu.

Machale yalimcheza. Tangu mkuu wa mtambo wa mji jirani afikishwe mahakamani, yeye binafsi, kwa uchafu uliomwagwa na halmashauri yake, hapa hakuna aliyetaka jina lake lionekane popote. Hata kubadilisha balbu kulihitaji kikao. Verne, mkuu wa mtambo na bosi wa Marlys wa siku zote, alistaafu ghafla akaacha hata kikombe chake cha kahawa. Waoga wakubwa! Na kazi ya kwanza ya mkuu mpya ilikuwa kuthibitisha, kwa jina lake, kwamba maji yote ya msimu wa baridi yalitoka safi.

Ijumaa hiyo ya Kwaresima mji mzima ulikuwa kwenye ukumbi wa zimamoto, ukila samaki wa kukaanga wa ziwa lao wenyewe, kama kila mwaka. Orville alimvutia Marlys kiti, akamwekea karatasi ya uteuzi na kalamu kando ya sahani.

"Tia sahihi, dada, tule kwa raha. Mbona unajivuta kama bibi harusi?"

"Mbona wewe huli?"

Orville, mtu wa sahani tatu za samaki, aliyezoea kuwatukana wanaonunua wa baharini badala ya wa ziwani, alikuwa na mkate na jibini. Madiwani wake wawili, vilevile. Mama yake mzazi, vilevile.

"Tumbo," alisema Orville.

"Matumbo manne yameugua siku moja, mheshimiwa?"

Orville alicheka, akaisogeza kalamu karibu zaidi.

"Mimi siumwi tumbo!" mama yake akadakia. "Huyu kaninyima samaki tangu Jumapili, utadhani mimi mtoto. Hebu Marlys, mwanangu, nionjeshe." Akapeleka uma kwenye sahani ya Marlys.

Orville akaudaka mkono wake. "Mama, usile!"

Meza za jirani ziliacha kutafuna. Marlys aliinuka, akamtazama Orville kwa hasira.

"Kumbe wa kuokolewa ni mama yako tu," alisema. "Sisi wengine tule."

"Marlys, kaa chini. Tutazungumza ofisini."

Marlys alimrudishia kalamu. "Sahihi tia wewe."

Kisha akaenda kwenye kipaza sauti kilichowekwa kwa bahati nasibu ya usiku huo.

"Jamani," alisema, "wekeni uma chini."